Shangazi Mwenye Akili Mbili

Funga mlango, Meneja, halafu ukae, na wewe Ngoja acha kunipepea na hilo gazeti, maana sina joto, nina kinyaa. Jirani yangu mkunga abaki hapo hapo kwenye kiti chake. Nimemwita mimi, kwa sababu nyinyi wanangu wawili nawajua, mkitoka humu kila mmoja atakuwa na wosia wake, na mimi sauti ya kurudia sina. Nitasema mara moja tu. Asiyesikia amuulize mkunga, asimuulize nduguye.

Mmeingia na harufu. Mmeoga, mmejipaka mafuta, mmevaa mashati ya kwendea kwa wagonjwa, lakini harufu ya klachi iliyoungua haitoki kwa sabuni, imewaganda kwenye nywele, na nimeinusa kabla hamjafungua mdomo kuniamkia. Harufu hiyo nimeikwepa miaka yote niliyoshika usukani, na leo naletewa kitandani na watoto niliowazaa mwenyewe, pamoja na juisi ya boksi. Iwekeni huko mbali, siinywi.

Tuanze na gari, kwa kuwa ndilo mnalolisubiri. Tangu asubuhi mnainua mito ya makochi, mnapekua makabati, mnanong'onezana huko ukumbini kana kwamba mimi ni kiziwi: ufunguo uko wapi, ufunguo uko wapi. Ufunguo ninao mimi. Uko hapa chini ya ubavu wangu, unaniumiza, na nimeuacha uniumize makusudi nisije nikasinzia kabla sijawaambia ya moyoni.

Lile gari lilipewa jina la Shangazi kabla wewe Ngoja hujazaliwa, kwa sababu lilikuwa linafika kwa kila mtu bila kualikwa, linabeba mizigo isiyo yake, na linalalamika njia nzima. Limepandisha magunia ya unga, mitungi ya gesi, madawati ya shule na mabati. Limeshusha wagonjwa ambao hakuna gari jingine lililokubali kuwafuata kule juu mlimani. Nusu ya watoto wa kule wangezaliwa juu ya mawe ya ile kona ambayo madereva waliipa jina la Kona ya Toba, kama Shangazi asingekuwa anaipanda kwa gia ya kwanza, polepole, bila kukata pumzi. Mkunga yuko hapa, mkatalieni yeye. Shangazi hakuwa mzuri wa sura, matairi yake yalikuwa membamba, rangi yake hata mimi siikumbuki, lakini waliomtengeneza walikaa chini wakapiga hesabu, tairi hili kwa difu hii, lile bonge la gia katikati ya ekseli, na hesabu hiyo ndiyo iliyowasomesha nyinyi, kama kweli mlisoma.

Nikalazwa hospitali. Niliporudi nikakuta uani kuna kitu sikijui. Matairi yananifika kiunoni, yametokeza nje ya madigadi kama mashavu ya mtu anayetafuna bila kufunga mdomo, chini ya tumbo mmetundika taa nyekundu, na Meneja ameweka mguu mmoja juu ya tairi anapigwa picha. Meneja, jina hilo ulipewa kwa ajili ya kalamu mfukoni, wala hujawahi kusimamia hata kuku. Nikatapika pale pale kando ya mlango, na mkunga alipouliza nikamwambia ni dawa. Haikuwa dawa.

Sasa nisikilizeni, maana haya nilikuwa nikiwaambia tangu mkiwa wadogo mkawa mnaniitikia huku mnatazama pembeni. Katika difu ya Shangazi, shafti, ule mhimili unaoleta nguvu ya injini, inazunguka karibu mara nne ndipo tairi lizunguke mara moja. Tairi likiwa dogo, ule mzunguko mmoja ni hatua fupi, injini inaimudu. Ukifunga tairi kubwa, hatua inakuwa ndefu, na injini ni ile ile, hukuiongezea hata chembe. Umemvisha bibi kizee viatu vya askari ukamwamuru apande ngazi. Gia ya kwanza inakuwa nzito kama ya pili, ya pili kama ya tatu, ya mwisho inabaki pambo. Dereva akiona gari haliinuki anaanza kuichezea klachi, anaikanyaga nusu nusu, ndiyo hiyo harufu mliyoniletea. Breki nazo zinaelemewa, na mshale wa mwendo unakudanganya kwamba unakwenda taratibu.

Wapo watakaowaambia kubadilisha difu si lazima, na si waongo. Tairi likizidi vidole viwili, na kazi yako ni ya lami, liache, gari wala halitajua. Hayo yenu hayakuzidi kwa vidole, yamezidi kwa shubiri. Kwa hiyo mlikuwa na njia mbili: ama mmrudishie Shangazi viatu vyake vya zamani, yaishe, ama mbadilishe krauni na pinioni, zile gia mbili za ndani, difu ya mbele na difu ya nyuma, zote kwa hesabu moja, ili shafti izunguke zaidi na injini ipumue. Yoyote kati ya hizo ningeimeza. Ile ya pili ningenung'unika, lakini ningeimeza.

Nyinyi mkaitafuta ya tatu. Juzi nililala hapa dirisha likiwa wazi, nikasikia mnalikunja gari pale uani kwenye saruji kavu, Meneja anawaonyesha wenzake jinsi matairi yote manne yanavyovuta, na nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa Shangazi. Matairi yakalia kama viatu vipya, gari likaruka kidogo, halafu chini kukagonga, ko. Nikajua. Fundi wa difu alipokuja kunijulia hali nikamuuliza, akanyoosha mikunjo ya suruali yake, akasema: "Mama, wao walitaka hivyo. Nyuma nimebadilisha, mbele nimeacha. Niliwaambia."

Mkunga, wewe hujui hadithi hii aliyonisimulia fundi, sikiliza wanangu walivyo. Meneja alitaka zibadilishwe zote, aonekane. Ngoja akasema kama anavyosema kila kitu tangu alipoanza kutembea, ngoja kwanza, za mbele hatuzitumii mara nyingi, zibaki. Wakabishana siku nzima barazani, wewe ulikuwa kazini, majirani wengine wakasikia. Mwisho wakachoka, wakapatana: ya nyuma ifuate neno la mkubwa, ya mbele ifuate neno la mdogo. Wakapeana mikono, wakaenda kunywa chai. Gari moja wakaligawana kama andazi.

Hilo ndilo linalonitia kinyaa. Ungekuwa ujinga ningewasamehe, mjinga anafundishwa. Nyinyi mliambiwa na fundi, mkajua, mkafanya hivyo hivyo, kwa sababu hamkuwa mnalitazama gari, mlikuwa mnatazamana. Ndivyo mlivyo. Ukuta wa nyumba hii ya mbele mmoja kaupaka kijani, wa nyuma mwingine kaupaka rangi ya maziwa. Hata sasa mnatikisa vichwa, ndiyo mama, ndiyo mama, na kila mmoja moyoni anasema anaambiwa mwenzake. Nawaambia wote wawili.

Mnajua linafanya nini gari la namna hiyo? Ukivuta ule wenzo mdogo yakaingia matairi yote manne, ya mbele yanataka kukimbia na ya nyuma yanayashika shati. Kwenye tope huoni kitu, yanateleza, unajisifu. Lakini Kona ya Toba haina tope, mvua huiosha ikabaki jiwe tupu. Pale hakuna cha kuteleza, yatavutana mpaka kitu kikatike. Na breki ya mkono ya Shangazi haishiki matairi, inashika shafti ya nyuma. Shafti hiyo ikikatika pale, matairi ya mbele peke yake hayalipandishi, breki ya mkono haina tena cha kushika nyuma, ya mguu imeshaelemewa na hayo madude yenu, na nyuma yako ni korongo. Sasa muulizeni mkunga wiki hii anamfuata mjamzito gani kule juu, na atamshusha na nini. Mwambie, mkunga. Hapana, acha, wameshaelewa, naona Ngoja ameacha kutikisa kichwa.

Nipe maji. Kidogo. Si juisi.

Nyumba ni yenu wote, na mkiipaka ipakeni rangi moja hata ikiwa mbaya. Cherehani ya baba yenu apewe mke wa Ngoja, maana ndiye pekee anayeitia mafuta. Spana zangu zisigawanywe, zikae zote kwenye sanduku moja. Seti iliyogawanywa ni chuma cha kuuza kwa kilo. Na yule muuza matairi aliyewauzia hayo mashavu, aliyewahi kunicheka mbele za watu nilipokataa kununua kwake, akija msibani mpeni kiti, mpeni maji, lakini asisimame kunisifu. Sitaki kusifiwa na mdomo ule.

Sasa kuna jambo nimelikalia tangu siku tulipomzika baba yenu, na kama si hili gari ningekwenda nalo. Mnaikumbuka ile njia ya makaburini, ilivyo nyembamba, gari lilibaki chini mkambeba mabegani. Meneja ulikuwa mbele, watu wanatazama, ukawa unakwenda mbio kama unayepokea mgeni wa serikali. Ngoja ulikuwa nyuma, kila ukifika kwenye jiwe unasita. Wenzenu waliowasaidia hawakujua wamfuate nani. Mimi nilikuwa nyuma yenu, nikaliona jeneza linainama. Nikamsikia baba yenu ndani, mwili unaserereka kwenye mbao, shh, mpaka miguu ikagonga. Mtu aliyetumia maisha yake kunyoosha mishono ya watu. Nyinyi hamkusikia, mlikuwa mnagombana kwa meno, mwendo, mwendo, taratibu, taratibu. Nilirudi nyumbani nikanawa uso, sikuweza kula. Wageni walidhani ni majonzi. Majonzi yalikuja baadaye, siku ile kilichonijaa kilikuwa kinyaa, na juzi nilipolisikia gari likigonga pale uani, kikarudi vile vile.

Usilie, Meneja. Sijawaita mlie. Lete mkono, hapana, si wewe, nasema mkunga. Ingiza hapa chini ya ubavu. Umeupata? Ufunguo huu ni wako mpaka hapo utakapouona mwenyewe ukweli wa gari. Sikiliza, ni rahisi. Watalinyanyua gari, mbele na nyuma, juu ya magogo. Watachora chaki kwenye shafti na chaki kwenye matairi. Meneja ashike tairi la nyuma la kushoto, Ngoja la kulia, wayazungushe pamoja mara moja, pamoja nimesema, wasipokwenda pamoja hesabu itakudanganya, na wewe uhesabu shafti imezunguka mara ngapi. Kisha waende mbele, wafanye vile vile. Wewe umehesabu mapigo ya moyo ya watoto ambao hawajazaliwa, hili halikushindi. Zikilingana, wape. Zisipolingana, ukae nao hata uzeeke nao, na mgonjwa wako atafutiwe machela na watu. Matairi makubwa, matairi madogo, hilo nawaachia, wachague. Lakini wachague moja.

Na mimi... subirini kidogo. Pumzi.

Na mimi, siku yangu ikimkuta Shangazi bado ana akili mbili, msinipakie. Simtaki. Nibebeni mabegani tangu mlangoni hapa, barabara nzima, mpaka kwa baba yenu. Ni mbali, najua, mtachoka. Meneja mbele, Ngoja nyuma, kama siku ile, msibadilishane. Sitaki mashairi wala kipaza sauti. Nataka mtu wa mbele asikilize miguu ya mtu wa nyuma.

Mungu awape riziki ya halali na awaondolee kiburi. Wajukuu wangu wawe na akili kuliko nyinyi, na hilo si gumu. Nimewasamehe klachi. Nimewasamehe taa nyekundu, ingawa mzitoe. Mpendane, na kama kupendana kunawashinda basi mkubaliane mwendo, inatosha, mimi na baba yenu kuna miaka tuliishi kwa hilo tu. Baraka yangu iko juu yenu wote wawili kwa pamoja, sikuigawa, msiigawe.

Fungua dirisha sasa. Hivyo.

Miguu imekuwa mizito. Mnaanza kunibeba, au ni kitanda. Ile kona iko wapi, tumeifika? Msinimwage, wanangu. Mbele, punguza. Punguza kidogo, Meneja, hakuna anayekutazama. Ngoja, usingoje, njoo. Ongeza. Kidogo tena.

Hapo. Hapo hapo. Twendeni.