Madamu Aziza na Ndagala za Siku Ishirini

Tarehe 31 Julai mwaka huu Madamu Aziza Hakimu anaweka chaki chini. Amefundisha hesabu darasa la saba hapa shuleni kwetu Rumonge kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo swali lake lilikuwa lile lile: moja ni ngapi?

Swali hilo halikubaki darasani. Ukimwambia bidoni tatu za mawese zimejaza chupa sitini, atakuuliza bidoni moja je. Kwenye harusi, kabla hajakaa, keshahesabu sufuria na wageni, na akikunja uso ujue wali hautatosha. Sokoni, Mama Jamila muuza ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu, amekiri mwenyewe kwamba akimwona Madamu anakuja, huona afadhali aende kunywa chai. Kopo lake la kupimia lilikuwa limebonyea chini, na Madamu alikwisha kupiga hesabu ya huko kubonyea.

Alizaliwa Gatete, mtoto wa mwanika ndagala, na alianza hapa kama mwalimu wa muda. Mwaka wake wa tatu akaja inspekta wa shule, mtu wa milimani, kuamua kama ataajiriwa au atarudi kwao. Asubuhi ile Madamu alivaa kitenge kipya. Wanafunzi walijibu vizuri: mtumbwi unaokwenda kilomita tano kwa saa moja, kwa saa tatu utakwenda kumi na tano. Inspekta akafurahi, akatoa swali lake mwenyewe. Kilo moja ya ndagala inakauka kwa siku mbili. Kilo kumi je?

Mwanafunzi mmoja wa mbele aliruka kabla ya kuitwa, akasema siku ishirini. Darasa likampigia makofi. Inspekta naye akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika kwenye daftari lake kwamba somo limeeleweka.

Hapo Madamu angeweza kunyamaza. Kazi yake ilikuwa ndani ya daftari lile, na tayari ilikuwa imeandikwa vizuri. Lakini alisimama, akamwomba radhi muheshimiwa, akasema kwamba jibu lile si kweli. Inspekta akamwambia hesabu ni hesabu. Madamu akasema iko sawa, basi twende tukaone.

Tukatoka wote, wanafunzi sitini na wawili na inspekta na viatu vyake vilivyong'arishwa, mpaka kwenye mchanga wa kuanikia. Inspekta akamwuliza mama mmoja aliyekuwa akigeuza samaki, kilo kumi hukauka kwa siku ngapi. Mama akasema mbili. Na kilo moja? Mbili. Kisha yule mama akataka kujua kama huko milimani kila kilo ina jua lake.

Wanawake wote pale wakacheka. Inspekta hakucheka. Tulirudi darasani, na kwa wiki tatu Madamu alifundisha akijua kwamba huenda amejifukuza kazi mwenyewe. Barua ilipofika, ilisema ameajiriwa. Chini yake inspekta alikuwa ameongeza kwa mkono kwamba mwalimu huyu asiguswe.

Tangu siku hiyo swali la Madamu lilipata mdogo wake. Kwanza, moja ni ngapi. Pili, je, hivi vitu vinaongezeka pamoja kweli?

Yule mwanafunzi wa siku ishirini ni mimi ninayeandika. Madamu hakunicheka. Aliniambia kuzidisha kwangu kulikuwa sahihi kabisa, ila nilisahau kuwauliza ndagala. Nikampenda kwa neno lile, na ndiyo sababu leo nami ni mwalimu wa hesabu.

Kuanzia Septemba madarasa yake tumepewa watu wawili, mimi na mwalimu mwenzangu Ernestina. Kwa hesabu yangu ya utotoni, kazi aliyoifanya mmoja kwa miaka ishirini na tisa, wawili tutaimaliza kwa miaka kumi na minne na nusu. Nilimpelekea karatasi hiyo wiki iliyopita. Aliisoma, akavua miwani, akaniuliza swali la pili.

Madamu, murakoze cane, asante sana. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi bila kengele, na makopo yasiyobonyea popote uendapo. Swali lako nimelifanyia kazi siku saba, na jibu nimelipata: sisi wawili, Madamu, bado hatufikii moja.