Nyekundu Iliyobaki Shingoni

Nje ya studio ya picha kuna benchi lenye mguu mmoja mfupi, na wenyeji wa kijiwe wanajua nani akae upande gani lisije likawamwaga. Asubuhi hiyo kahawa ya Stempu, mpeleka barua mstaafu, ilikuwa bado ya moto kwenye chupa, lakini Kisigino, fundi viatu, hakuigusa. Mkewe alikuwa anarudi kwa basi la saa sita, baada ya miezi miwili ya kumuuguza mama yake. Kisigino alitaka akifika akute ukutani picha yao wawili waliyopiga kabla hajaondoka, yote nyeusi na nyeupe, isipokuwa gauni lake jekundu. "Nyumba bila yeye ni ya kijivu," alimwambia Kivuli, mwenye studio, na Kivuli hakumcheka. Sasa picha ilikuwa imetoka. Gauni limewaka kama kaa la moto. Tatizo, shingoni pa Kisigino napo palikuwa na doa jekundu, dogo kama punje ya mtama.

— Niliiambia kompyuta iache nyekundu tu, Kivuli akajitetea. Ikaacha kila nyekundu iliyoikuta. Doa lilikuwepo tangu siku ya kupigwa, ila kati ya rangi zote zile nani angeliona?

— Likuze tulione, Kisigino akasema.

— Nimelikuza. Linakuwa vigae vitatu vyekundu vya mraba, basi.

Wembe, kinyozi, akaishika picha kwa ncha za vidole.

— Rangi ya mdomo hiyo.

— Mdomo wa nani?

— Wewe ndiye mwenye shingo. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Mke wangu hapaki rangi ya mdomo!

Wembe akamtazama kwa huruma.

— Basi ndugu yangu, hapo umejimaliza mwenyewe.

— Mwacheni, akasema Stempu. Hiyo ni damu. Wembe alimnyoa siku hiyo akamkata.

— Mimi? Miaka kumi na tisa sijamkata mtu!

— Na sikio la mwalimu?

— Sikio lilijisogeza lenyewe.

Stempu akamimina kahawa, akafikiri.

— Kama si damu, ni kompyuta. Umeinyima rangi zote, umeiachia moja. Mwenye njaa hana miiko! Imemega gauni ikala, punje ikaidondokea njiani.

— Kompyuta haili, mzee, Kivuli akasema.

— Mbona umeme inakula?

— Mimi nadhani ni taa ya mdunguaji, Wembe akasema. Nimeona kwenye sinema. Alama nyekundu shingoni, sekunde tatu, mtu yuko chini.

— Nani amdungue fundi viatu?

— Mtu aliyebanwa na kiatu.

Benchi likatikisika kwa kicheko, kahawa ikamwagika. Kisigino peke yake hakucheka. Alimjua mkewe. Angekaa kitini na uchovu wa safari, angeitazama picha, asingesema neno. Kimya kile ndicho alichokiogopa.

— Nilifute? Kivuli akauliza kwa upole. Ni kubofya mara mbili.

— Nikifuta, nimekiri. Nisipofuta, nimeumbuka.

— Ndiyo maana wakasema samaki mkunje angali mbichi, Stempu akasema.

— Tumkunje nani?

— Picha. Wino haujakauka.

Hapo akafika mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, akitaka picha za pasipoti. Wembe akainuka upesi kumpisha, na Stempu akahamia upande wa mguu mfupi kulishikilia benchi. Mama akaitupia picha jicho, kisha akamtazama Kisigino.

— Samahani baba. Shati hilo si ndilo ulilovaa? Mistari ni ile ile.

Wote wakaligeukia shati. Samawati ya shati ilikuwa imekufa kwenye picha, na wote wanne walikuwa wanatafuta rangi. Kisigino alijaribu kujitazama shingoni, kidevu kikamzuia. Wembe akainama.

— Kifungo cha juu, akasema polepole. Kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Kisigino akakumbuka. Siku ile ya kupigwa picha kifungo kilikatika Kivuli akiwa tayari anawasubiri mlangoni, na uzi mweupe umekwisha. Mkewe alichomoa uzi kwenye pindo la gauni lake, akamshonea shati likiwa mwilini, akakata kwa meno. "Usicheke, nitakuchoma," alimwambia. Naye alicheka.

— Basi naufuta uzi, libaki gauni, Kivuli akasema.

— Uache uzi, Kisigino akasema. Gauni ndilo ulifanye kijivu.

— Umerukwa na akili! Wembe akaruka. Shemeji ametoka kuuguza miezi miwili, anafika, anajikuta majivu matupu. Akiuliza yeye yuko wapi?

Kisigino akanyoosha shingo mbele ya kijiwe kizima, kama mtu anayesubiri kunyolewa, akakigusa kifungo.

— Nitamwambia yuko hapa.