Kumwahi Binti wa Cheche

Benchi letu lipo kwenye kona, mlangoni pa karakana ya Cheche, na ni yeye mwenyewe aliyelichomelea kwa mabaki ya mabomba. Mguu mmoja ni mfupi, kwa hiyo anayekaa mwisho hushika kikombe kwa mikono miwili. Sheria yetu ni moja: ukiinuka kabla hoja haijaisha, nafasi yako imekwenda, na maneno yako yamekwenda nayo. Ndiyo maana hapa watu hukaa. Mvua imetunyeshea hapa, jua limetuunguza hapa, na mke wa mwenzetu Breki amewahi kuleta chakula cha mumewe akamwekea mapajani bila salamu. Mchana ule hoja ilikuwa ya Cheche. Binti yake, ambaye yeye Cheche ndiye aliyemfundisha kuchomelea, alikuwa amefunga begi, na angepanda basi la saa tisa. Cheche hakutaka aende.

Shemeji yake anayeishi nje alikuwa amempigia simu asubuhi, akamwambia kwa Kiingereza amfanyie msichana kitu kinachoitwa "head off". Simu ikakatika. Cheche akalileta neno kwa Msamiati, mwalimu wetu mstaafu, kama mtu aletaye redio mbovu kwa fundi.

— Ni kumtokea mtu mbele kabla hajafika anakokwenda, alisema Msamiati. Si kumkimbiza. Ukiwa nyuma yake umeshachelewa.

— Basi ni kuzuia, tumalize, alisema Breki, fundi baiskeli.

Msamiati akakataa katakata. Kuzuia, alisema, hata ukuta unaweza. Hili linataka mtu aliyejua mapema akapita njia ya mkato. Akataja golikipa anayetoka golini kabla mshambuliaji hajapiga. Akamtaja mama anayemwonyesha mtoto paka kabla kilio hakijatoka. Akamtaja pia Mama Birika, muuza kahawa wetu, ambaye akikuona unataka kusema kahawa imepoa, anaanza kukusimulia habari za magoti yake. Kwa hiyo mpira tunaudaka, njia tunaikatiza, kilio tunakiwahi, na hatari tunaikinga.

Mama Birika alisema, huku akimimina, kwamba magoti yake hayakuitwa kutoa ushahidi.

Breki hakungoja zamu. Yeye angepanga baiskeli za wateja kukata mtaa mzima. Kisha akaona hazitoshi, akasema angekwenda kutoa upepo tairi za basi, maana dereva ni jamaa yake. Kikombe cha pili kilipofika alikuwa ameshaihamisha stendi yenyewe: angetangaza kwamba mabasi sasa yanaondokea nyuma ya soko, wasafiri wote wahamie huko, msichana afike akute uwanja mtupu na mbwa mmoja. Tukamwambia huko si kuwahi, huko ni kupotosha. Akanuna.

— Cheche, wewe unataka lipi? aliuliza Msamiati. Kumkinga ni kwa ajili yake. Kumnasa ni kwa ajili yako.

Cheche akazungusha kikombe. Tunamjua. Asipotaka kusikia jambo huwasha grainda, ile mashine ya kusagia chuma, na hakuna sauti ya binadamu inayoishinda. Mkewe akileta habari za paa linalovuja, grainda. Mteja akiulizia geti lake, grainda. Sisi hucheka na kufunika vikombe ili cheche zisitue ndani. Jina lake lilitoka huko. Lakini benchi halina swichi.

— Nataka asiende, alisema.

— Hilo si neno, hiyo ni hamu.

— Basi tafuta neno la hamu, mwalimu.

Tukamtuliza. Msichana lazima angepita kwenye kona hii, kwa kuwa mtaa wetu hauna njia nyingine ya kwenda stendi. Akitokea upande wa duka la dawa, Cheche angeinuka, nasi tungehesabu kwamba hoja imekwisha, nafasi yake isipotee. Mpango ulitupendeza mno. Tukageuza shingo sote kuelekea duka la dawa, tukanywa.

Binti akatokea nyuma yetu. Alikuwa amepitia mlango wa uani, akakatiza karakana, begi begani na kinga yake ya uso ya kuchomelea ikining'inia kwenye mkanda. Akazunguka benchi, akasimama mbele yetu.

— Shikamooni.

Tuliitikia tukiwa bado tumeangalia duka la dawa.

— Nimewasikia tangu kwa golikipa, alisema. Kwa hiyo nimewawahi. Wazee wangu, nauliza kitu kimoja tu. Nakwenda wapi?

Msamiati alifungua mdomo, akauziba kwa kikombe. Breki akaanza kuchunguza kiatu chake. Mimi pia sikujua. Nilijua saa ya basi tu.

— Baba?

Cheche akatupa jicho ndani ya karakana, kule kwenye grainda.

— Nimechomoa waya, alisema binti, taratibu. Kila nikija kukuambia, unaiwasha. Mama anajua. Hata mwenye geti anajua. Safari nakwenda, baba, hiyo haina mjadala. Nimekuja ili usikie.

Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Cheche. Likatoa matone mawili, halafu pumzi.

Cheche akainuka. Hoja ilikuwa haijaisha, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Hakusimama mbele ya binti yake. Alikwenda ubavuni kwake, akanyoosha mkono kwenye begi. Msichana akalivuta.

— Nabeba mwenyewe.

— Beba basi. Mimi natembea tu. Wewe sema.

Wakashika njia ya stendi, binti akieleza kwa mikono, baba akiwa amemwelekezea lile sikio ambalo chuma hakijaliharibu. Breki akaanza kujisogeza kwenye nafasi iliyobaki, maana sheria ni sheria. Mama Birika akalitua birika tupu pale pale.

— Pana mtu, alisema.