Dk. Benigna Kemilembe Hakutibu kwa Kubahatisha

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi madaktari na wauguzi mliojaa katika kibanja hiki cha Kamachumu, familia imenituma mimi, Datius, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote, pamoja na yale ambayo wengine wangependa niyaruke.

Dk. Benigna Kemilembe alizaliwa hapa Kamachumu, Muleba, tarehe 9 Machi 1966, binti wa Mzee Rutaihwa na Mama Jovina, akasoma shule ya msingi papa hapa, sekondari Bukoba, na mwaka 1995 akahitimu udaktari Dar es Salaam. Tarehe 28 Desemba 1996 alifunga ndoa na kaka yangu Projestus, wakajenga Rwamishenye, mjini Bukoba, Mungu akawajalia Nancy na Ildefons.

Mwaka 2017 watoto wachanga walifariki katika wodi aliyoiongoza hospitalini Bukoba, kwa vijidudu ambavyo hakuna sindano iliyoviweza, akarudi nyumbani, akakaa bila kula, akamwambia mumewe, "Baba Nancy, tumezigawa dawa hizi kama karanga, sasa vijidudu vimezizoea." Tangu hapo akakataza antibiotiki kwa mafua, akamtaka kila daktari aeleze sababu kabla ya kuandika sindano kali. Wagonjwa wakamwita mchoyo, wakapanda bodaboda kwenda kujinunulia vidonge kwenye maduka ya dawa ya Kashai, baadhi ya wenzake wakamshtaki kwa wakubwa, akavuliwa uongozi wa wodi, naye hakuomba radhi. Mliomshtaki mpo hapa, karibuni, chakula kipo, lakini hatutafuta hata sentensi moja ya wasifu huu.

Juni 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na mwezi Novemba homa kali ikamwangusha, akalazwa Bukoba. Dk. Hafidhi, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alikuja na sindano kali kuliko zote.

"Chukua damu kwanza iende maabara, ndipo unichome," Benigna alimwambia huku meno yakigongana kwa homa.

"Mama, hali yako haisubiri."

"Kuchukua damu hakucheleweshi kitu, mwanangu. Chukua."

Akachukua, kisha akamchoma. Majibu yalipotoka, ilionekana kwamba vijidudu vile havikuijali sindano ile hata kidogo, ila dawa moja ya zamani, ambayo hakuna aliyeifikiria, ilikuwa bado inaviua, akabadilishiwa, homa ikashuka, akala Krismasi pamoja nasi, akatucheka tulivyokuwa tumeanza kumlilia.

Alifariki nyumbani Rwamishenye tarehe 14 Februari 2025, kwa saratani. Wanaosema huko mitaani kwamba alikufa kwa kukataa dawa, familia inawajibu mbele ya jeneza lake: hapana. Dawa hakuikataa, alikataa kubahatisha.

Tunamshukuru Dk. Hafidhi kwa kumsikiliza, wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole, wafanyakazi wenzake waliosimama naye ilipokuwa hasara kusimama naye, na majirani wa Rwamishenye waliolala nasi msibani.

Mama Nancy, pumzika kwa amani, umebishana vya kutosha, sasa tuachie sisi tubishane.