Mzee Patrisi Qamara na Ugali Uliomwagwa

Ndugu waombolezaji, mzee wetu Patrisi Qamara alizaliwa tarehe 12 Machi 1953 huko Buger, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumchapa kwa kuchonga madawati.

Mwaka 1972 alikwenda Soitsambu kutafuta kazi ya useremala, akapanga kwa mama mmoja mfugaji, Naishorua, aliyemwonyesha jinsi wanawake wanavyosafisha vibuyu vya maziwa kwa kaa la oloirien, yaani mzeituni wa porini, na tangu hapo marehemu akashikilia kwamba mti unaoaminiwa na maziwa ndio wa kuchongea mwiko. Mti wenye utomvu unaowasha hakuugusa, wala mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, hata ukimpa bure.

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na Cresensia, wakahamia Daa, wakajaliwa watoto watatu, Simon, Angelina na Martha.

Marehemu alijivunia pua yake, akidai kuutambua mti wowote kwa harufu, na pua hiyo ndiyo iliyomponza, kwa sababu Oktoba 2004, akiwa na mafua makali, shemeji yake Julius alimletea gogo kavu lisilo na gome, naye akachonga kutokana nalo miko mipya kwa ajili ya harusi ya Angelina. Siku ya harusi, tarehe 9, mafua yalikuwa yamepungua, akainamia sufuria, akasikia harufu chungu asiyoijua, akamuuliza Julius gogo lile lilikuwa la mti gani, Julius akajibu kwamba aliliokota tu barabarani. Hapo mzee, akihofia mti wenye sumu, akaamuru ugali wote umwagwe kwenye shimo na miko ifukiwe juu yake, wakwe wakiwa wameshanawa mikono. Julius alimwambia kwamba anaiaibisha familia, mama Cresensia alilia, na Angelina alikaa mwezi mzima bila kumsalimia baba yake. Mti ule hatujaujua mpaka leo, lakini kuanzia siku hiyo marehemu hakuchonga tena mti ambao hakuuona mwenyewe ukiwa na majani na gome lake, nasi tunasema wazi kwamba tunajivunia aibu ile.

Mwaka 2023 alianza kuugua figo, akatibiwa hapa Karatu, na tarehe 18 Februari 2025 alfajiri akatutoka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama Cresensia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Daa mliokesha nasi, mafundi wenzake, na ndugu waliofunga safari kutoka Soitsambu.

Baada ya maziko tunawaomba msiondoke bila kula, kwani ugali umesongwa na Angelina mwenyewe kwa mwiko wa oloirien ambao baba yake alimchongea Desemba iliyopita, nguvu zikiwa zinamwishia, mwiko wake wa mwisho.

Pumzika, baba, kwa amani ya mtu aliyetulisha bila kututia hofu.