Mguu Usiokuwepo

Kamwene, ndugu zangu. Naomba nitoe ushuhuda wangu hapa kanisani nikiwa nimekaa, maana nikisimama sana nitaanza kuyumba na watoto watanicheka.

Mnanifahamu. Nilikuwa mpasua mbao kule Mufindi. Gogo liliteleza likanilalia mguu wa kushoto. Nikapakiwa kwenye lori hadi hospitali ya misheni, daktari akaukata juu ya goti. Ndugu zangu waliuchukua ule mguu wakauzika nyuma ya nyumba, kama ilivyo desturi yetu. Nikarudi nyumbani nikidhani yameisha.

Ndugu zangu, nawaambia, hayakuisha. Vidole visivyokuwepo vilianza kuuma. Vilijikunja kama vile mtu anavivunja kwa makusudi. Nanyoosha mkono nivikamate, nakuta blanketi.

Nikawaeleza wazee. Wakashauriana, wakasema, "Mguu huu ulizikwa vibaya. Vidole vimekunjamana udongoni." Basi tukaufukua! Nilikaa pale kwenye kigoda nikitazama mguu wangu mwenyewe ukinyooshwa na kufunikwa shuka safi. Siku ile nilipata nafuu, hata nikacheka. Kesho yake vidole vikajikunja tena.

Hapo ndipo watu waliponiogopa. Mtu ambaye kipande chake kiko kaburini na bado kinalalamika, nani atakaa naye kunywa pombe ya ulanzi? Mchungaji anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wakawa wanapita njia ya juu ili wasinisalimie. Kaka yangu akaniambia wazi, "Sasa unatafuta kuhurumiwa tu."

Nikaacha kuwaeleza watu. Nikajifunza kulia huku nimeuma pindo la blanketi ili mke wangu asisikie. Upweke ule, ndugu zangu, uliniumiza kuliko gogo.

Kumbe mke wangu alikuwa anasikia. Akanilazimisha tukapanda lori la mahindi, tukarudi hospitali. Daktari akaniuliza, "Huo mguu uliokatwa unauma wapi hasa?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikaonyesha hewani, pale ambapo kidole gumba kingekuwa. Hakucheka.

Akasema, "Wewe si mwongo, wala hujarogwa. Mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inapeleka habari kichwani, na kichwa chako bado kinaujua mguu ule. Maumivu yote tunayasikia kwa njia hiyo, hata ya mguu mzima. Kwa hiyo haya yako ni ya kweli."

Nililia mbele ya yule daktari bila kuficha uso. Nilikuwa nimeaminiwa.

Akamfundisha mke wangu kunigongagonga kigutu cha mguu polepole kwa kinyundo cha mti, ili mishipa ile itulie. Jioni tunakaa jikoni, yeye anagonga, mimi namenya viazi, tunapiga soga. Sitawadanganya, maumivu hayajakwisha. Yamepungua, ninalala, na nimerudi kwenye kambi ya wapasua mbao kunoa misumeno.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari. Mama watoto, wewe nitakushukuru nyumbani, hapa nitalia tena. Na kaka yangu, ambaye siku hizi ananibeba kwenye baiskeli yake, asante.

Ndugu zangu, mtu akikwambia anaumwa, usianze kutafuta kidonda. Muulize anaumwa wapi, kisha ukae naye. Mimi hata sasa ninavyosema, vidole vile vinauma. Lakini nimewaambia, na hakuna hata mmoja wenu aliyesogea mbali.