Wiki Tatu Alizoturudia Anastasia

Baba Paroko, ndugu na majirani mliopanda milima hii kutusindikiza, aliyelala mbele yetu ni Anastasia, mjane wa Castory, na anayewasomea ni mdogo wake, Gervas, mjomba wa watoto, ambaye kwa desturi yetu ya kufuata ukoo wa mama hana pa kuikwepea kazi hii.

Alizaliwa Nyandira, Mgeta, tarehe 14 Agosti 1949, akasoma shule ya misheni kuanzia 1958 hadi darasa la nne mwaka 1961, akaishia hapo kwa kuwa wadogo zake walihitaji mlezi, kisha akashika jembe, na kwa zaidi ya miaka hamsini kabichi na njegere zake zilishuka na malori kwenda Dar es Salaam, wala hakuna dalali aliyewahi kumpunja mara mbili. Alifunga ndoa tarehe 10 Oktoba 1970, akajaliwa watoto wanne, wa mwisho akiwa Prisca, mwalimu kule Mzumbe.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019, alipopotea katika njia ya shambani aliyoipita tangu utoto, na mwaka 2021 madaktari wakautaja kuwa ni Alzheimer, maradhi yanayokula kumbukumbu, wakati sisi bado tunasema ni uzee tu. Prisca ndiye aliyemchukua, akamlisha, akamwogesha, akaitwa na mama yake mzazi dada muuguzi, akaitika, na hakumwomba Mungu kingine ila mama amtambue kabla hajafumba macho.

Tarehe 4 Machi 2024 alipokelewa katika utafiti wa hospitali moja jijini Dar es Salaam, ambako kifaa cha sumaku huwekwa juu ya kichwa kuuamsha ubongo, bila kisu wala sindano, mgonjwa akiwa macho, siku tano kila wiki kwa wiki sita, na madaktari walisema wazi kwamba tiba hiyo bado inachunguzwa, wengine hupata nafuu, wengine hawapati. Alhamisi ya wiki ya tatu mama alimtazama binti yake, akamwita Prisca, akamuuliza mbona amekonda hivyo, na kama amekula.

Habari hiyo ilifika Mgeta, na hapo ndipo tulipokosea. Mashamba ya ukoo wetu hurithiwa kwa upande wa wanawake, mipaka yake yote alikuwa nayo dada kichwani, na ugomvi wa matuta ulikuwa umetuchosha, basi tuliposikia kumbukumbu imerudi sisi wajomba tukaagiza aletwe haraka. Prisca alisihi tusubiri wiki tatu zilizobaki, Gervas akamjibu kwamba mtoto hawafundishi wajomba zake, na Jumamosi tarehe 23 Machi dada akatembezwa mashambani, akaonyesha mpaka mmoja baada ya mwingine bila kukosea, kisha ikaja Pasaka, akabakizwa. Waliporudi hospitalini tarehe 8 Aprili walielezwa kwamba utafiti hauruhusu kukatiza siku nyingi kiasi hicho, na kufikia Juni Prisca alikuwa dada muuguzi tena. Kama wiki tatu nyingine zingesaidia, madaktari wenyewe hawajui, lakini hatukumwachia Prisca nafasi ya kujua, na tunaona aibu.

Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa nne asubuhi, mikononi mwa Prisca, bila kujua ni mikono ya nani.

Tunawashukuru madaktari waliotuambia ukweli, majirani waliomrudisha kila alipopotea, na walimu wa Mzumbe walioshika vipindi vya mwenzao. Pumzika, dada, kazi yako umeimaliza. Na wewe Prisca, mwanetu, tukitoka makaburini usiguse sufuria wala usipokee mgeni, nenda kalale, sisi tupo.